Valizi ya Zambarau Iliyovuta Kushoto

Jamani, leo nimeaibika, na paka ni shahidi.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu hapa Kinama, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi. Mke wangu yuko jikoni. Hasemi kitu, ila vifuniko vya sufuria vinasema. Kabla hamjasikia kisa hiki kutoka kwa wengine (na mtakisikia, kimeshafika hadi mtaa wa Buyenzi), afadhali mkisikie kwangu mwenyewe.

Wengi wenu mnanijua. Kwa wasionijua: mimi ni Papa Nella, fundi rangi, miaka arobaini na minne, na nina historia. Nella alipokuwa na miaka miwili nilimwambia mama yake naenda kununua mkate. Nilirudi baada ya mwaka mmoja na miezi minne, natokea Kigoma. (Mkate nilikuja nao. Nilidhani itachekesha. Haikuchekesha.) Baadaye nikaenda Uvira siku tatu kupaka nyumba ya mtu rangi. Siku tatu hizo zilichukua miezi minane na zikanifikisha Kalemie. Sikuwa namkimbia mtu. Ni miguu tu. Nikisikia honi ya gari la safari, kitu fulani ndani yangu kinanyanyuka na kuanza kutafuta viatu.

Lakini nimetulia. Miaka sita sasa sijavuka mpaka wowote, hata kwa kusalimia.

Mke wangu, Mama Nella, hajawahi kutoka nchi hii. Hata mara moja. Sasa mdogo wake aliyeolewa Kigoma amejifungua, na Jumamosi hii Mama Nella anapanda gari kwenda kumwona mtoto. Yeye ni mpishi kwenye mgahawa mdogo karibu na hapa, na nauli ameikusanya mwenyewe. Aliniambia mimi peke yangu, na akanipa sharti moja: asijue mtu.

"Nikisikia umemwambia hata mmoja," alisema, "nitajua ni wewe, maana hakuna mwingine."

Alikuwa na haki. Hapa kwetu ukitangaza safari husafiri wewe peke yako, unasafiri mtaa mzima. Huyu ana mwanawe huko, mpelekee unga. Yule ana shangazi, mpelekee kitenge. Mwingine anakupa bahasha, anakuambia usiifungue, halafu anakupa na nyingine ya kuifungia ile. Ukifika mpakani ofisa anakuuliza ndani kuna nini, na wewe unabaki kumtazama kwa sababu na wewe ungependa kujua. Na huwezi kukataa. Aliyekataa kubeba mzigo wa jirani anakumbukwa kuliko aliyechoma nyumba.

Basi. Nikaona Mama Nella amefua mfuko wa mchele wa kilo hamsini, ameuanika, anaushona mishikio. Ndio mfuko wake wa safari. Nilimtazama akishona mpaka akamaliza mshikio wa pili. Usiku huo huo nikaingia kwenye simu.

Kuna dada mmoja wa Bwiza, Dada Linda, anauza vitu kwa simu: anaweka picha, unachagua, unatuma pesa, unaletewa. Nikaona valizi ya magurudumu manne, rangi ya zambarau, rangi anayoipenda Mama Nella. Nilibishana bei na Dada Linda wiki mbili kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu kuandika kunanichosha. (Zikumbukeni hizo sauti. Zitarudi.)

Jana jioni valizi ikaletwa kwa baiskeli, petroli si mnajua haipatikani. Nikaificha nyuma ya pipa la maji. Leo asubuhi mke wangu alipokwenda kazini nikaifungua kwenye boksi lake, taratibu kama mtu anayetoa posa.

Magurudumu matatu.

Nikahesabu tena. (Magurudumu manne hayahitaji kuhesabiwa mara mbili, lakini nilihesabu mara tano.) Kona ya nne ilikuwa imepasuka, umebaki mguu wa chuma umechongoka. Nikaipiga picha, nikamtumia Dada Linda. Akajibu hapo hapo, kwa adabu kabisa: "Pole sana Papa. Ilete leo kabla ya saa saba, kesho niko safarini. Isiwe imetumika, kibandiko kiwepo, na pesa zako zinarudi kwenye simu ukiwa umesimama."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Nikifika Bwiza kabla ya saa saba napata pesa, napita madukani Rohero nanunua valizi nyingine nzima, na Jumamosi mke wangu anasafiri kama mtu. Nisipofika, ni mfuko wa mchele.

Mabasi hakuna. Foleni ya kusubiri basi ilikuwa ndefu kiasi kwamba watu wa mbele na wa nyuma wangeweza kuwa na hali ya hewa tofauti. Nikaibeba valizi kichwani. Mita mia mbili tu shingo ikakataa. Nikaishusha, nikatoa mshikio, nikaanza kuiburuta.

Sasa nisikilizeni vizuri. Valizi ya magurudumu matatu haiendi mbele. Inaenda kushoto. Unaivuta katikati ya njia, yenyewe inakupeleka pembeni, kwenye maduka, kama mbuzi aliyeona majani. Na ule mguu wa chuma unachora mstari kwenye vumbi na kulia. Mlio wake sijui niufananishe na nini. Watu walitoka ndani wakidhani kuna mtoto anachomwa sindano.

Kituo cha kwanza cha kushoto kilikuwa kwa Mama Zaituni.

Mama Zaituni ni mjane, anauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mbele ya nyumba yake, na amekuwepo mtaa huu tangu kabla ya nguzo za umeme. Valizi ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza yake, ikagusa mguu wa meza, ikasimama. Ungesema tuna miadi.

"Aa, Papa Nella," alisema taratibu. "Umeanza tena."

"Sijaanza, Mama. Naenda Bwiza tu, sasa hivi narudi."

"Ile siku ulisema mukate."

"Apana, Mama. Wallahi, naenda Bwiza."

(Mimi ni Mkatoliki. Hiyo wallahi ilimtia wasiwasi zaidi.)

"Mutu haendi Bwiza na valizi. Ni ya nani?"

Hapo nikakwama. Nikisema ni ya mke wangu, ataniuliza mke wangu anaenda wapi. Nikisema ni yangu, basi ndiyo naondoka. Mama Zaituni akaniangalia kwa huruma, kama daktari anayemwona mgonjwa wake wa zamani amerudi na ugonjwa ule ule.

"Ngoja hapo," akasema.

Akarudi na kifurushi cha gazeti. Kilo mbili za ndagala kavu.

"Umupe Hamisi wangu. Ujiji, nyuma ya musikiti, uliza Hamisi wa mafriji. Kila mutu anamujua."

"Mama, Kigoma dagaa si zimejaa? Ziwa ni lile lile."

"Zile si ndagala. Zile ni samaki wadogo tu."

Hamisi ni mwanawe, na hajarudi nyumbani miaka minne. Mama Zaituni alikuwa ananinyooshea kile kifurushi kwa mikono miwili. Nikawaza haraka: Jumamosi kuna mtu wa kwenda Kigoma, sivyo? Kifurushi kimoja. Nitakichomeka katikati ya vitenge vya Mama Nella, na akikiona atakuwa ameshafika. Nikafungua zipu, nikaweka ndagala ndani ya valizi mpya isiyotumika, nikakisogeza kibandiko kisipate harufu.

(Najua. Najua. Ngojeni.)

Kituo cha pili kilikuwa kwa Bosco, fundi baiskeli. Sikutaka kupita kwa Bosco. Valizi ndiyo ilitaka.

"Patron, umekuja kuniaga," akasema, akajifuta mikono na kitambaa kichafu kuliko mikono. "Mara zile mbili hukuniaga. Leo nimeona heshima."

Kabla sijajibu alikuwa ameshatoa chini ya benchi chupa ya mawese ya Rumonge, kizibo chake kimefungwa karatasi na uzi. Ya shemeji yake Sudi, wa Kigoma. Mawese kwenda Kigoma, ambako wanayakamua wenyewe. Lakini haikuwa mawese tu.

"Na umwambie Sudi nimemusamehe."

"Alikufanya nini?"

"Yeye anajua."

Ndagala zina uzito, mawese yana uzito, lakini msamaha wa watu ambao hawajaongea miaka mingapi sijui ndio ulionilemea. Nikashindwa kuurudisha. Unaurudishaje? Nikauweka ndani pamoja na chupa.

Hapo ningeondoka. Ningeondoka, habari hii ingekuwa fupi na miguu yangu ingekuwa mizima. Lakini Bosco akaniuliza swali la kawaida kabisa:

"Siku hizi mtu anapitia wapi kwenda Kigoma?"

Na mdomo wangu ukaondoka bila mimi. Nikamwambia Mugina pale mpakani. Nikamwambia Manyovu ng'ambo ya pili, ile baridi ya asubuhi na chai ya tangawizi pale gari linaposimama. Nikamwambia ile miteremko, unashuka, unashuka, hadi ghafla ziwa linatokea upande wa kulia kama mtu aliyefungua dirisha. Nikamwambia stesheni ya treni, ile ngazi yake ya mawe nilikolala usiku wangu wa kwanza. Nikamwambia migebuka, wale samaki wa kukaanga wa pale Mwanga, Kigoma mjini, na ugali wa muhogo mweupe kama shuka. Mikono yangu ilikuwa inachora hewani. Nilikuwa nimeshafika, jamani. Nilikuwa nanawa mikono nile.

Bosco akanisogezea simu mdomoni. "Sema hapo, Sudi asikie ni wewe."

Nikasema. Kwa sauti ya mtangazaji, nikasema: "Sudi, ni mimi Papa Nella. Niko njiani. Nikaangieni migebuka, nisipowaona Jumamosi mjue gari limeharibika."

(Kwa nini? Nimejiuliza tangu saa nne asubuhi mpaka sasa.)

Ambacho sikujua ni kwamba Sudi alishamfungia Bosco simu zamani. Kwa hiyo Bosco, ili ujumbe umfikie Sudi kupitia mwenye namba yake, aliutuma kwenye kikundi cha mtaa. Kikundi cha mtaa kina watu mia moja na kitu. Mmoja wao ni mpishi wa mgahawa mdogo hapa karibu.

Kuanzia pale sikuwa mimi ninayetembea, ilikuwa habari inatembea na mimi naifuata nyuma. Nilipofika Ngagara mwanamke nisiyemjua alinisimamisha.

"Ni we mutu wa Kigoma?"

Nikamwambia ndiyo. Sijui ni kwa nini niliitika. Labda kwa sababu hajawahi mtu kuniita hivyo kwa heshima. Akanipa viatu vya mtoto, vipya, ndani ya boksi. Mbele kidogo, mzee mmoja akanipa redio ndogo ya kutengenezwa. Mwingine akanipa karatasi yenye kipimo cha kiuno cha bibi harusi. Valizi ikazidi kuwa nzito, ikazidi kuvuta kushoto, na kila kushoto palikuwa na mtu anayesubiri.

Nilikuwa na mpango, msidhani sina akili kabisa. Nikikaribia kwa Dada Linda natoa kila kitu, natia kwenye mfuko, naingia na valizi tupu. Lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, mnajua wenyewe. Dukani nilipouliza mfuko walinipa ule wa karatasi wa kuwekea maandazi. Kiliingia kiatu kimoja.

Saa saba kasoro dakika kumi. Nikaingia hivyo hivyo.

Dada Linda anauzia kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, maboksi mpaka darini. Walikuwepo wateja wawili, akina mama wa Bwiza wamejitanda vizuri, na paka wa rangi ya majivu amelala juu ya kaunta. Dada Linda mwenyewe ni mpole, ana miwani, mtu wa utaratibu.

"Karibu Papa. Pole na jua. Hebu nione hilo gurudumu."

Akainama, akaona, akasikitika kwa dhati. Akatoa simu, akaanza kubonyeza. Niliiona namba yangu kwenye kioo. Niliuona mwisho wa matatizo yangu.

Paka akashuka kwenye kaunta.

Akaja mpaka kwenye valizi. Akaizunguka mara moja. Akajisugua kwenye kona. Halafu akakaa mbele ya zipu, akanitazama usoni, akaita.

Dada Linda akaacha kubonyeza.

"Papa, fungua tu nione na ndani."

"Ndani ni salama, dada yangu. Usijisumbue."

"Ni utaratibu tu."

"Zipu yake ni ngumu. Itakuumiza vidole."

"Papa. Fungua."

Nikafungua.

Sitaki kuwaeleza sana. Chupa ya Bosco ilikuwa imelala kwa muda, na karatasi ya kizibo ilikuwa imeshakata roho. Mawese yalikuwa yameingia kwenye gazeti, gazeti likaachia ndagala, ndagala zikaingia kwenye viatu. Kitambaa cha ndani, kilichokuwa cheupe, kilikuwa rangi ya machweo. Paka aliingia bila kukaribishwa.

Mmoja wa wale akina mama akasema polepole, kama anayesoma masharti ya duka: "Isiwe imetumika."

"Papa," Dada Linda akavua miwani, "hii valizi ililetwa kwako jana jioni. Umeshaisafirisha wapi?"

Wale akina mama wakaanza kucheka. Si kicheko cha ubaya, lakini kilikuwa kile cha kushikana mabega. Watu wawili watatu wakachungulia kutoka barabarani. Nikawa nimepiga magoti sakafuni, namvuta paka kwa mkia, mikono ina mawese mpaka viwikoni, najaribu kuanza sentensi ambayo ingeeleza kila kitu. Nikasikia mlangoni:

"Leo unaenda kununua mkate wapi?"

Sikuhitaji kugeuka.

Mama Nella alikuwa amesimama na aproni yake ya kazi, na mwiko mkononi. Alikuwa ametembea kutoka Kinama hadi Bwiza na mwiko. Nyuma yake Mama Zaituni, anahema, ameshika kiuno. Hawakuhitaji kuuliza njia. Ule mguu wa chuma ulikuwa umechora mstari kwenye vumbi toka mtaani kwetu, na penye lami pakawa na matone ya mawese. Walifuata tu.

"Mama Nella, sikiliza. Siendi popote."

Akatoa simu mfukoni mwa aproni, akabonyeza. Sauti yangu ikajaza chumba: *Sudi, ni mimi Papa Nella. Niko njiani. Nikaangieni migebuka.* Ile sauti ya mtangazaji. Mlangoni sasa walikuwa wamefika watu kumi na kitu, na wote wakapenda hapo pa migebuka. Mmoja akaomba airudie.

"Valizi ni yako," nikasema.

"Yangu."

"Nilikununulia wewe. Imekuja imeharibika, nimeirudisha."

"Na ndagala ni zangu? Na viatu vya mtoto? Na huyu Sudi aliyesamehewa, na yeye ni wangu?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Mwiko alikuwa ameuinua, na macho yake yalikuwa kwenye ile valizi kama mtu anayemwona mwanamke mwingine. Nikaelewa kwamba miaka sita yote, kila nilipochukua kofia kwenda kazini, alikuwa anahesabu.

"Papa Nella," akasema, "ungesema tu. Mara hii ungesema tu."

Nikarudi kumvuta paka. Mimi, ambaye asubuhi nilikuwa na maneno ya kutosha kuelezea chai ya Manyovu.

Ndipo Dada Linda akavaa miwani yake tena.

"Samahani mama. Wewe ndiye Mama Nella mwenyewe?"

"Ndiye."

"Huyu baba amenisumbua wiki mbili. Nimekujua kabla hujafika." Akaanza kutafuta kwenye simu yake. "Sauti ziko hapa zote."

Nikasema: "Dada Linda, apana." Nikasema: "Dada Linda, chukua valizi, chukua na pesa." Alikuwa ameshabonyeza.

Jamani, umewahi kusikia sauti yako ya usiku, uliyomtumia mtu ukijua ni yeye peke yake atasikia, ikichezwa mbele ya watu ishirini na paka?

*Dada Linda, nisikilize. Mke wangu hajawahi kusafiri. Safari zake zote nilizisafiri mimi. Kila nikiondoka yeye ndiye aliyebaki kufunga mlango. Sasa anaenda Kigoma na mfuko wa mchele, dada. Mfuko wa mchele. Nataka aende kama mtu, na mimi mara hii nibaki nifunge mlango. Basi niwekee ya zambarau, na unipunguzie kidogo.*

Kisha kikasikika kitu ambacho ningependa muamini kuwa ni mafua.

Yule mama wa "isiwe imetumika" alijifuta jicho na ncha ya mtandio. Mwiko ulikuwa umeshuka. Mama Nella alinitazama, nami nikamtazama, na kwa kweli ningeomba kisa kiishie hapo.

Ila sauti haikuwa imeisha.

*Ila ni siri, dada. Asijue mtu. Hataki watu wambebeshe mizigo. Hasa kuna jirani yetu mmoja, Mama Zaituni, huyo, mutu akienda hata chooni anamupa ndagala ampelekee Hamisi.*

Hakuna aliyemwonyesha Mama Zaituni kwa kidole. Hakukuwa na haja. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono kiunoni, ndagala zake kilo mbili zimetapakaa sakafuni mbele yake.

"Hata chooni," akasema.

"Mama Zaituni, ile ilikuwa..."

"Apana, mwanangu. Nimesikia. Hata chooni."

Sasa walicheka mpaka waliokuwa barabarani. Kuna mtu alikaa chini kabisa. Mama Zaituni aliwaacha wamalize, halafu akamgeukia mke wangu kwa upole wa kutisha.

"Kwa hiyo ni we unaenda Kigoma Jumamosi, binti yangu. Vizuri sana. Hizi za leo zimeharibika. Kesho nitakuletea kilo ine."

Mama Nella akafumba macho. Mwezi mzima wa siri, umekwisha kwa sauti moja. Yangu.

Akaja mpaka kwenye valizi. Akampa Mama Zaituni mwiko amshikie. Akashika mshikio, akaivuta hatua tatu. Ikaenda kushoto, ikagonga kaunta.

"Gurudumu liko wapi?" akauliza.

"Halikuja, mama," Dada Linda akasema. "Kosa ni la kwangu hapo. Ila ndani..." Akatazama ndani. "Ndani si la kwangu. Pesa yote siwezi kurudisha. Labda tuongee, nikurudishie sehemu."

"Sitaki pesa. Nataka gurudumu."

Kwa hiyo, marafiki, nilitembea toka Kinama hadi Bwiza kwenda kudai pesa zangu, na pesa zangu zimekataliwa na mke wangu. Dada Linda akapekua nyuma, akapata gurudumu la valizi nyingine iliyovunjika, jeusi, kubwa kidogo kuliko wenzake. Akalifunga mwenyewe kwa bisibisi. Mama Nella akasafisha ndani kwa maji ya moto na sabuni, pale pale uani, akawa anasugua bila kuniangalia. Mara moja tu aliinua kichwa.

"Ya zambarau," alisema. "Ulikumbuka."

"Nilikumbuka."

Akaendelea kusugua.

Tukaanza kurudi, watatu. Mama Nella ndiye aliyeivuta. Hakutaka niiguse. Na hapo ndipo tulipogundua jambo: lile gurudumu kubwa limebadilisha mambo. Valizi haivuti kushoto tena.

Inavuta kulia.

Na kulia kwa kurudi ndiyo kushoto kwa kwenda: upande ule ule wa asubuhi. Sasa wale wote ambao asubuhi hawakuniwahi, waliokuwa wamesikia habari na kujilaumu kwamba wamekosa nafasi, walituona tunawajia. Mama mmoja wa Ngagara alilia kwa furaha. Tulifika Kinama tuna kigunia cha maharage, vitenge viwili, na kuku. Kuku amekataliwa. Vingine vyote vimo ndani. Na Mama Zaituni alitembea pembeni yetu njia nzima, mwiko begani kama bunduki, kila baada ya dakika kumi akisema peke yake: "Hata chooni."

Tulipofika, Mama Nella akaketi, akavua viatu. Nella alikuwa ametoka shule, akatazama valizi, akatutazama sisi, akaona hekima kwenda kufanya kazi zake za shule. Mke wangu akafungua pochi yake ndogo, akanipa noti.

"Nenda kanunue mkate."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinitazama moja kwa moja, na majirani waliokuwa uani wote wakasogea, hata Bosco aliyekuja kuulizia chupa yake.

Nikaenda. Sikwenda, nilikimbia. Miguu hii iliyovimba niliyoiloweka kwenye karai, imevimba kwa sababu ya duka lililo mita mia tatu kutoka hapa. Muuza duka alitaka kunieleza habari za valizi, nikamwambia ninazo. Nikachukua mkate, nikasahau chenji, nikarudi nikihema kama nafukuzwa na askari. Bosco alikuwa amepima kwa simu. Dakika nne na sekunde kidogo.

Mama Nella aliupokea. Akaukata. Akala kipande kimoja taratibu, akakimeza, akasema: "Huu bado una joto."

Ndiyo hivyo. Jumamosi yeye anaondoka, na mimi nitafunga mlango. Nimefunzwa kwamba mtu aliyewahi kudanganya kuhusu mkate hapaswi kuonekana na valizi hadharani, hata iwe na magurudumu kumi.

Naomba msicheke. Na wewe uliyeanza kuniandikia hapa chini "kaka, kuna kamzigo kadogo tu," futa. Valizi imejaa, na mpokeaji mizigo amekamata mwiko.